Ramani ya Pemba Kwenye Majlisi Yangu

Nilikuwa nikisema mbele za watu, wala sikuona haya, kwamba hakuna kitu duniani kitakachonishangaza tena. Mtu aliyeingia Maskati na shati moja, akalala juu ya mifuko ya saruji, akajifunza kazi ya jasi ya kupambia dari kwa kutazama mikono ya fundi wa Kipakistani kwa sababu lugha hazikukutana, mtu huyo atashangazwa na nini? Nilianza kwa kubeba ndoo. Miaka ishirini baadaye nilikuwa na mafundi thelathini na sita na magari manne, na kuanzia Sib mpaka Qurum kuna wakubwa wanaolala chali usiku wakiitazama kazi yangu darini bila kujua ni ya nani. Shule yangu ni darasa la nne la Wete, kwetu Pemba, na hilo la nne sikulimaliza. Lakini wenye digrii ndio waliokuwa wakiniuliza mimi dari ishuke kiasi gani.

Basi nikaja kushangazwa na karatasi.

Nyumba yangu ya Mabela niliimaliza mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati huo jirani wa karibu lazima umwendee kwa gari. Majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni, ni mita nane kwa tano. Dari nilipiga mwenyewe, sikumwachia fundi hata kona moja. Nikabakiwa na ukuta mmoja mrefu, mtupu, unaomtazama mgeni anapoingia, na sikujua niupambe kwa nini. Majambia kila mtu katundika. Picha ya ngome kila mtu katundika. Saa ya dhahabu yenye jogoo ndani, hiyo nimeiona nyumba kumi na moja, na katika hizo kumi na moja hakuna hata moja inayosema saa ya kweli.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya Mwingereza mmoja, mzee, mhandisi wa maji. Kuta zake zote zilijaa ramani za zamani ndani ya fremu, rangi yake kama chai ya maziwa iliyopoa, zenye mito, vilima na makanisa yaliyochorwa madogo madogo. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha saiti ni za nini. Akanambia ni kaunti za kwao, yaani kama wilaya. Hii alipozaliwa yeye, hii alipozaliwa mama yake, hii aliposoma. Na zote ni nakala, akasema, za asili ziko makumbusho, watu siku hizi wanapambia nyumba kwa nakala.

Nikasimama pale na mwiko mkononi. Nikajiambia: huyu ana kwao ukutani, na mimi je?

"Na Pemba ipo?" nikamuuliza.

"Kila pahala tulipopita, ipo," akasema, akacheka.

Aliporudi kutoka likizo alinibebea Pemba ndani ya bomba la karatasi, nakala ya ramani ya enzi za Waingereza, na hakutaka kitu, kwa sababu nilishamtengenezea dari ya choo bure. Ramani yenyewe ilikuwa ndogo, kama mlango wa kabati. Nikaifungua juu ya boneti la gari. Nikaiona Wete, nikaiona bandari, nikaiona barabara ya Chake. Maandishi mengine yalikuwa madogo kama sisimizi, sikuhangaika nayo. Macho yangu ni ya kupima ukuta, si ya kusoma sisimizi.

Sasa hapa nataka nieleweke, kwa sababu watu wamenisema sana kwamba nilifanya makusudi. Sikufanya makusudi. Nilifanya kazi yangu kama fundi. Kitu cha mlango wa kabati ukikitundika kwenye ukuta wa mita nane umeutukana ukuta. Kwa hiyo nikaipeleka Ruwi, kwa Mmalabari mmoja, mtu wa India kusini, mwenye duka la kuchapa, nikamwambia aikuze, urefu mita moja na nusu. Akaikuza. Na kukuza ni kukuza: ukikuza kisiwa umekuza na sisimizi.

Jambo la pili ni namna ya kutundika. Mzungu hutundika picha kwa macho ya mtu aliyesimama. Sisi hatusimami majlisini, tunakaa chini juu ya magodoro na mito. Nimeingia majumba ya watu wenye fedha zao, picha ziko juu huko karibu na kiyoyozi, mgeni aliyekaa anaona fremu kwa chini kama anayetazama ndege. Mimi nikashusha. Kitako cha fremu kiligusana na mto wa mgongo, na katikati ya ramani ikawa sawasawa na macho ya mtu mzima aliyekunja miguu. Kioo nikaweka kisichong'aa. Taa mbili ndogo za darini nikazielekeza pale. Wallahi ilipendeza. Mke wangu, ambaye hasifu kitu, alisimama mlangoni na sinia la vikombe akasema, "Hii sasa nyumba ya watu."

Mwezi uleule ikaja posa ya binti yangu mkubwa.

Lazima niseme ilikuwa posa ya nani. Asiyetoka kwetu hajui, lakini huku Maskati, sisi tuliotoka Pemba na Unguja, heshima ya mtu ilikuwa inapimwa kwa kile alichokipoteza kule. Ukikaa msibani, ukikaa arusini, utasikia: babu alikuwa na mikarafuu elfu mbili. Mwengine elfu tatu. Mimi nimewahi kukaa nikajumlisha kichwani, nikaona Pemba nzima haitoshi, lazima mikarafuu mingine ilikuwa imepandwa baharini. Baba yangu hakuwa na hata mmoja. Baba yangu alikuwa Mmanga, Mwarabu wa kuja juzi, ana kiduka cha mafuta ya taa na dagaa kando ya njia, na watu wenye mashamba walimtuma mtoto kununua kibiriti, hawakuja wenyewe. Nimejenga, nimeajiri watoto wa hao wenye mikarafuu, nimewalipa mishahara, na bado nilikuwa nikiingia pahala nasikia kwa pembeni: "Huyu wa kiduka." Sasa kijana aliyeleta posa alikuwa mhandisi, anafanya kazi wizara moja na binti yangu huko Al Khuwair, na ni mjukuu wa mzee mkubwa kabisa katika hao wa mikarafuu. Binti yangu alimtaka. Hakusema, lakini alianza kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Na mimi, kwa nini niseme uongo, nilimtaka zaidi yake.

Walikuja Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Mzee mwenyewe na bakora yake, miaka themanini na ushei, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mtoto wake, yaani baba wa kijana. Kijana. Na upande wetu mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa maskhara ambaye ningemfungia ndani siku ile kama ningejua. Mbuzi alikuwa jikoni tangu asubuhi. Halua nimeitoa Nizwa, bado ya moto.

Mzee alipoingia akaona ramani, akasimama. Akatoa miwani. Machozi yalimlenga, nimeyaona.

"Pemba," akasema. "Pemba yenyewe hii, mwanangu."

Akaniita mwanangu! Nikavimba. Nikamkalisha palepale chini ya ramani, pahala pa heshima. Kahawa ikaanza kuzunguka. Na shemeji yangu, mdomo haujui kukaa, akasema, "Shekhe, hebu tuoneshe shamba lenu, tupate kujua tunakokwenda kumwoza binti yetu."

Wote wakacheka. Mzee akafurahi, akanyoosha bakora, akaipitisha kutoka Wete kwa ile barabara ya juu, akapandisha kilima, akagonga kioo. "Hapa. Kutoka mto huu mpaka mwamba ule. Nyumba ya ghorofa ilikuwa hapa. Mapinduzi yalipokuja wakatutoa kama tulivyo, na vikombe vya kahawa mezani."

"Pole sana, shekhe," nikasema.

Kijana, kwa adabu tu, kwa kutaka kumfurahisha babu yake, akasogea magoti akatazama karibu. Yeye kazi yake ndiyo hiyo, kusoma michoro. Akasoma. Kisha akasoma tena, nikaona midomo yake inatembea.

"Babu," akasema polepole, "mbona hapa pameandikwa shamba la Mhindi?"

Akalitaja na jina. Jina la tajiri mmoja wa Wete ambaye kila mtu wa rika letu anamjua kwa habari: mkopeshaji, mwenye mizani na daftari. Herufi zilikuwa kubwa kama tembe za dawa, kahawia, safi kabisa, kazi nzuri ya Ruwi, na taa yangu inaziangaza.

Nikasikia kiyoyozi. Nikasikia mwiko unagonga sufuria jikoni. Baba wa kijana anatazama kikombe, kijana anatazama zulia. Na mimi mwenye nyumba nikaona lazima nimsaidie mgeni wangu. Nilitaka kumsaidia, na hili nimeapa mbele ya watu mara nyingi, naandika tena. Nikasema:

"Aa, si kitu, shekhe. Itakuwa ni rehani tu. Pemba nzima ilikuwa rehani."

Ni neno la kweli. Mwulize yeyote aliyeishi kule, kila mwenye mikarafuu alikopa akingojea msimu, na msimu ukiwa mbaya shamba likaenda. Lakini ni neno ambalo kwa miaka thelathini na ushei hakuna aliyelitamka Maskati, na likaja kutamkwa na mtoto wa kiduka, chini ya dari yake mwenyewe, siku ya posa.

Mzee akavaa viatu. Halua hakuigusa. "Umetualika kuja kutusomea karatasi," akanambia. Mtoto wake na mjukuu wakamfuata, na kijana alipofika mlangoni akageuka akanitazama kama mtu aliyeangusha mtoto wa mtu.

Mke wangu akatoka jikoni, uso umelowa mvuke. "Wamekwenda wapi?"

"Kwao."

"Mbuzi mzima, baba watoto! Umesema nini?"

"Nimesema kweli!"

"Nani alikuuliza kweli?"

Binti yangu hakupiga kelele. Alikuja akakaa palepale alipokuwa kakaa mzee, akalitafuta lile jina, akaweka kidole juu ya kioo akalifunika. "Kidole tu, baba," akasema. "Ungeweka hata mto hapa." Kisha akaenda chumbani kwake, na kwa wiki tatu akawa ananisalimia kama ananisalimia mlinzi wa wizarani.

Mimi nilikasirika, na mpaka leo sijamaliza. Nilikosa nini? Niliichora mimi ramani? Niliwakopesha mimi? Mtu kajenga nyumba, kapamba ukuta wake kwa nchi aliyozaliwa, ndiyo imekuwa kosa! Mke wangu akataka iondolewe, nikakataa. Nikamwambia siondoi ukweli ukutani kwangu kwa ajili ya mikarafuu ya maneno.

Khabari ikaenea, maana kwetu khabari haina haja ya gari. Wakaanza kuja watu ambao hawakuwahi kukanyaga Mabela. Wanasema wamekuja kunijulia hali. Hali gani, sikuumwa! Wanakaa, wanakunywa kahawa yangu, jicho linapanda ukutani. Mmoja alikuja na kioo cha kukuzia mfukoni. Wengine walipata jina la babu wakatoka wamevimba. Wengine walitafuta mpaka shingo zikawauma, wakatoka hawana la kusema, na hao ndio walionichukia zaidi. Alikuja pia bibi mmoja, kaletwa na mjukuu wake, hakutafuta shamba. Alitafuta kisima. Alikuta kimeandikwa, duara dogo tu, akakaa nalo kutoka adhuhuri mpaka alasiri, akaondoka akambusu mke wangu mkono. Huyo peke yake simdai kahawa.

Lakini posa ilikuwa imekufa, na binti yangu alikonda. Nikaona wanja umetoka machoni, nikaona mapazia hayafuliwi tena. Mwisho nikamwita shemeji yangu. "Wewe ndiye uliyewasha," nikamwambia, "twende ukazime."

Tukaenda Amerat, huko nyuma ya milima, kwa mzee. Njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno, na yote yalikuwa makali. Mzee akatupokea kwenye chumba kidogo, hana hata picha ukutani. Nikameza ukali wangu. Nikasema, "Shekhe, nimekuja kuomba radhi. Ramani naiondoa leo hii."

Akanitazama kama aliyeona mjinga. "Usiiondoe."

"Vipi?"

"Ukiiondoa ndiyo umenizika. Watasema imeondolewa kwa aibu yangu. Wameshaiona watu wote, umewakaribisha kama sinema. Itakaa palepale. Na pale patasahihishwa."

"Patasahihishwa kuwa nini, shekhe?"

"Jina la baba yangu."

Shemeji akanikanyaga mguu. Mimi siwezi. "Lakini shekhe, ramani ni ramani. Waliandika walichokikuta."

Mzee akamwambia shemeji yangu akatazame kama gari limefungwa. Shemeji, kwa mara moja maishani mwake, akafahamu, akatoka. Tukabaki wawili.

"Unadhani sijui nani alikuwa na hati?" akanambia. Sauti haikupanda. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikopa kumwoza dada yangu. Siku saba ngoma, ng'ombe, watu kutoka Unguja kwa boti. Msimu uliofuata mvua ikaharibu karafuu yote. Tukabaki ndani ya nyumba, Mhindi alituachia tukae, alikuwa na haya kuliko wewe. Tukawa tunaiangalia mikarafuu yetu inachumwa. Kisha yakaja mapinduzi, yakatutoa sote, na Mhindi naye. Nikashukuru Mungu. Unasikia? Nilishukuru. Maana toka siku ile tukawa tumenyang'anywa kama wenzetu."

Nikasema tu, "Nitapasahihisha."

"Na iandikwe kwa herufi zilezile," akasema. "Isijulikane."

Kuandikia mtu uongo ukutani kwangu, kwa fedha yangu! Na kumbe uongo nao ni kazi ngumu. Mmalabari wa Ruwi mara ya kwanza alitoa herufi nyeusi tititi, jina la baba wa mzee limekaa juu ya kilima kama kibao cha duka la vipuri. Nikamrudishia. Mara ya pili rangi ilikuwa sawa, lakini karatasi ilitoka nyeupe, haifanani na ile ya chai. Nikamrudishia. Akanambia kwa Kiarabu chake cha sokoni, "Arbab, bwana mkubwa, nani atatazama?" Nikamwambia, "Wote. Hao hawatazami kitu kingine." Mara ya tatu ikatoka, na nikiwa fundi nakiri: hata mchoraji mwenyewe angefufuka asingetambua palipoguswa.

Kabla ya kuichapa hiyo ya tatu aliniuliza kama kuna pahala pengine pa kurekebisha, maana karatasi ni ileile na bei ni ileile. Akanionesha njia ya kutoka Wete, pahala patupu kabisa, hapana jina. Nilipajua. Pale ndipo kilipokuwa kiduka. Nikatazama mpaka yule bwana akadhani nimelala wima. Kisha nikamwambia achape kama ilivyo. Mimi nimejiandika kwa dari, nyumba nzima nzima, sitaki herufi ya kununua.

Na kile kioo kisichong'aa, wakati wa kutoa ramani ya kwanza, mafundi wangu mwenyewe walikivunja. Cha pili kikaagizwa Dubai.

Posa ikarudi. Kadhi akafungisha ndoa majlisini kwangu, na mzee akakaa palepale chini ya ramani. Baada ya dua akanyoosha bakora akapandisha kilima, akagonga kioo. "Hapa," akasema. "Kutoka mto huu mpaka mwamba ule." Wageni wakasogea magoti, wakasoma jina la baba yake. Katika hao walikuwemo watu kumi, kumi na watano, walioiona ramani ya kwanza kwa macho yao, waliokunywa kahawa yangu wakicheka chini ya ndevu. Yule wa kioo cha kukuzia alikuwemo. Nikamtazama nione atasema nini. Akasema, "Mashaallah, shekhe, shamba kubwa." Wote wakasema mashaallah. Hakuna hata mmoja aliyepepesa jicho! Damu ilinipanda mpaka masikioni, nusura nisimame niwataje mmoja mmoja na tarehe waliyokuja.

Shemeji akaninong'oneza, "Kaa chini. Binti yako anatazama."

Kweli, alikuwa nyuma ya mlango wa ndani, umefunguka kidogo, wanja umerudi machoni. Nikakaa. Nikasema na mimi mashaallah, na neno lile lilinikwaruza koo kuliko vumbi lote la jasi nililolimeza tangu nije nchi hii.

Usiku ule, wageni walipokwisha kuondoka, nilijumlisha: kuchapa mara nne, kioo mara mbili, fremu kufunguliwa na kufungwa upya, na mbuzi wa kwanza ambaye hakuliwa. Sikuingiza kahawa. Ilikuwa riyali mia sita na arubaini na saba na baisa mia tano.